Kupima mkataba mrefu wa mchezaji huru wa beisboli

Habari ya mkataba mpya ikitoka, usianze na dola. Anza na tarehe ya kuzaliwa ya mchezaji, kisha andika umri atakaokuwa nao katika kila msimu wa mkataba, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi hufanya hivyo kabla sijasoma maoni ya mtu yeyote.

Chukua nyota wawili wa Ligi Kuu ya Marekani, Bryce Harper na Xander Bogaerts. Wote wawili walizaliwa Oktoba 1992. Harper alisaini na klabu ya Phillies mwaka 2019 kwa miaka 13, dola milioni 330. Bogaerts alisaini na Padres Desemba 2022 kwa miaka 11, dola milioni 280. Gawanya, na utaona kila mmoja analipwa milioni 25 na ushei kwa mwaka. Ukihesabu miaka tu, mkataba wa Harper ndio mrefu. Ukitazama umri, wa Harper unakwisha 2031 na wa Bogaerts unakwisha 2033. Phillies walinunua umri wa miaka 26 hadi 38. Padres walinunua 30 hadi 40, kwa bei ile ile ya mwaka.

Tofauti hiyo inatokana na kanuni za ligi. Katika Ligi Kuu ya Marekani mchezaji huwa huru, yaani anaweza kusaini na klabu yoyote, akishatimiza misimu sita ya utumishi, na wengi hutimiza wakiwa na miaka 29 au 30, yaani kilele kimeshapita au kinapita. Harper aliingia ligini akiwa na miaka 19, ndiyo maana alifika sokoni bado kijana. Watu kama yeye ni wachache mno. Ukikuta mkataba mrefu wa mtu wa miaka 26, usiuweke kapu moja na wa mtu wa miaka 31, hata kama vichwa vya habari vinafanana. Na kumbuka kwamba mishahara hii imedhaminiwa: klabu ikimwacha mchezaji, inaendelea kumlipa. Angels walimwachia Albert Pujols Mei 2021 huku wakiendelea kumlipa mshahara wa mwaka wa kumi.

Sasa chukua kalamu

Utahitaji kipimo kimoja cha thamani. Wachambuzi wengi hutumia WAR, takwimu inayokadiria mchezaji anaiongezea timu yake ushindi mara ngapi kwa msimu kuliko mbadala wa bei ya chini ambaye klabu yoyote inaweza kumpandisha kutoka ligi ndogo. Mchezaji wa 2 ni wa kawaida anayetosha kuanza, wa 5 ni nyota. Kisha weka bei ya ushindi mmoja sokoni. Mimi hutumia dola milioni 8 kwa sababu ni rahisi kuzidisha; wewe weka yako. Kwa umri, kanuni ya mkono ni kwamba mchezaji hubaki palepale hadi karibu miaka 30, halafu hupoteza nusu ya ushindi kila mwaka.

Tuseme mpigaji ana miaka 30 na leo ni mchezaji wa 5. Miaka saba itakupa 5, 4.5, 4, 3.5, 3, 2.5 na 2. Jumla 24.5, yaani dola milioni 196. Ukiongeza miaka mitatu ifike kumi, unapata 1.5, 1 na 0.5 tu, ambayo ni milioni 24 za ziada. Hadi hapo kila mtu anakubali: miaka ya mwisho ni mibovu.

Rudia hesabu ya miaka saba, lakini safari hii mwanzie 4.5 badala ya 5. Jumla inashuka hadi 21, yaani milioni 168. Nusu ya ushindi uliyokosea mwanzoni imekula milioni 28, zaidi ya yote ambayo miaka mitatu ya mwisho ingekupa. Hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wengi. Wao hutetemekea mkia wa mkataba. Mkia unajulikana ni mbaya, klabu imeshauweka kwenye bei, na wakala anajua hivyo pia. Hatari ambayo haijawekwa kwenye bei iko mwanzoni: kwamba mchezaji uliyedhani ni wa 5 kumbe ameshakuwa wa 4.

Kwa hiyo tumia muda wako mwingi kwenye swali moja: huyu ni mchezaji wa kiwango gani leo?

Usimpime kwa msimu wake wa mwisho peke yake. Chukua misimu mitatu au minne na utazame mwelekeo. Wastani wa kupiga (hiti, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji besi salama, ukigawanya kwa majaribio yake ya kupiga) wa Pujols akiwa Cardinals ulikuwa 0.357 mwaka 2008, 0.327 mwaka 2009, 0.312 mwaka 2010, 0.299 mwaka 2011. Hatua tatu, zote za kushuka. 0.299 bado ni namba nzuri, na Cardinals walikuwa wametoka kutwaa ubingwa, kwa hiyo Angels wakatoa dola milioni 240 kwa miaka kumi. Mwaka wa kwanza akapiga 0.285, wa pili 0.258. Watu husema mkataba ule uliharibiwa na uzee wa miaka ya mwisho. Mimi sikubali. Uliharibika katika ile misimu miwili ya kwanza, wakati Angels walipotakiwa kuvuna ziada ya kufidia uzee wa mbele.

Kesi ya Chris Davis ni ya aina nyingine. Mwaka 2013 alipiga homurani (mpira unaovuka uzio wa uwanja) 53. Mwaka 2014 wastani wake ulikuwa 0.196. Mwaka 2015 akarudi na homurani 47, huku akitolewa kwa straiki zaidi ya mara 200. Orioles wakampa miaka saba, dola milioni 161. Mwelekeo haukuwa wa kushuka, ulikuwa wa kuyumba, na mchezaji anayeyumba hivyo hustahili kuanziwa katikati, si kwenye kilele. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa 0.168, na kuanzia mwisho wa msimu huo hadi Aprili 2019 alikwenda mara 54 mfululizo bila kupata hata hiti moja.

Siku hizi una msaada ambao zamani klabu peke yake ndizo zilikuwa nao. Kamera za ligi hupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, kasi ya mchezaji akikimbia, na tangu 2024 kasi ya gongo lenyewe imewekwa wazi kwa kila mtu. Namba hizi huanza kushuka kabla wastani wa kupiga haujashuka. Ukiona mchezaji amepata msimu mzuri huku kasi yake ya gongo na ya miguu zikipungua miaka miwili mfululizo, mwanzie chini ya kile takwimu za kawaida zinachokuambia.

Tazama pia anasimama wapi uwanjani. Anayecheza shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) akipungua kasi ana pa kwenda: besi ya pili, besi ya tatu, hata uwanja wa nje. Bogaerts alihamishiwa besi ya pili katika msimu wake wa pili tu na Padres. Harper alitoka uwanja wa nje akaenda besi ya kwanza. Anayeanza mkataba akiwa tayari besi ya kwanza hana ngazi ya kushukia. Asipopiga, hana kingine cha kukupa. Pujols, Davis, Ryan Howard, Prince Fielder na Miguel Cabrera, wote walisaini mikataba iliyokuja kuzilemea klabu zao, na wote walikuwa watu wa besi ya kwanza.

Howard na Cabrera wanafundisha jambo jingine ambalo ningependa kila klabu ilizingatie: usisaini mapema bila sababu. Phillies walimrefushia Howard mkataba Aprili 2010, miaka mitano na milioni 125, ingawa miaka mipya ilikuwa ianze 2012. Katika mpigo wa mwisho kabisa wa msimu wao wa 2011 alikatika kano ya kisigino. Mkataba mpya ulikuwa haujaanza. Tigers nao walimwongezea Cabrera miaka minane na milioni 248 mwaka 2014, akiwa bado na miaka miwili mkononi. Miaka miwili ya kumwangalia bila kujifunga ingewaambia mengi, na haingewagharimu chochote.

Warushaji

Kwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, ile hesabu ya nusu ushindi kila mwaka haifai. Mkono wake haupungui taratibu. Unafanya kazi, halafu siku moja haufanyi. Kwa mkataba wa miaka saba mimi huondoa misimu miwili mizima kabla sijaanza kujumlisha, kwa sababu upasuaji wa kiwiko wa Tommy John pekee huchukua zaidi ya mwaka kupona. Namba ikibaki nzuri baada ya hapo, naukubali mkataba.

Nationals wana mifano miwili. Max Scherzer alisaini 2015 kwa miaka saba, milioni 210, akashinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, 2016 na 2017, na mwaka 2019 timu ikatwaa ubingwa wa dunia. Stephen Strasburg alikuwa mchezaji bora wa fainali hizo za 2019, na miezi miwili baadaye akapewa miaka saba na milioni 245. Alirusha katika mechi 8 tu katika mkataba mzima, akastaafu 2024. Strasburg alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kiwiko 2010, na mwaka ule wa ubingwa alirusha kuliko mwaka mwingine wowote maishani mwake. Ukiwa shabiki unataka alipwe kwa ajili ya ubingwa. Nami ningetaka. Ila kwenye karatasi, ubingwa ulikuwa umeshalipwa na mkataba uliotangulia.

Subiri pia vipimo vya afya. Desemba 2022 Carlos Correa alikubaliana na Giants kwa miaka 13, milioni 350. Madaktari wakaona jambo kwenye mguu wa kulia, ule uliofanyiwa upasuaji 2014, na makubaliano yakavunjika. Mets wakatoa miaka 12, milioni 315, wakakwama palepale. Akamalizia Twins: miaka sita iliyodhaminiwa, milioni 200, na miaka minne ya juu yake yenye masharti, ambayo ingefikisha milioni 270. Namna Twins walivyoipanga ndiyo njia bora ninayoijua ya kununua mwili wenye shaka.

Vifungu vinavyobadilisha hesabu

Usiuamini urefu wa mkataba kwa macho tu. Kodi ya anasa, ambayo mwaka 2025 ilianza kutozwa malipo ya klabu yakivuka dola milioni 241, huhesabu wastani wa mwaka. Kwa hiyo klabu inaweza kuchukua fedha za miaka saba, ikazitandaza kwa kumi au kumi na moja, na kodi ikashuka. Miaka ya mwisho hapo ni ya kumalizia deni, na hakuna anayetegemea mchezo wowote. Malipo ya kuahirishwa nayo hupunguza uzito: kati ya dola milioni 700 za Shohei Ohtani, 680 zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043 bila riba, ndiyo maana kodi inamhesabu kwa takriban milioni 46 kwa mwaka badala ya 70.

Kifungu cha kujitoa ni zawadi kwa mchezaji peke yake. Akifanya vizuri anaondoka, akiharibika anabaki. Giancarlo Stanton angeweza kujitoa baada ya msimu wa 2020. Alibaki, na Yankees wakabaki naye. Kumhamisha mchezaji aliyeshuka si njia ya kutokea pia: Tigers walipompeleka Fielder Rangers baada ya misimu miwili kati ya tisa, walimsindikiza na dola milioni 30.

Nimemweka Juan Soto mwisho kwa makusudi, kwa sababu mkataba wake na Mets unaitaka kila hatua. Miaka 15, milioni 765, umri wa 26 hadi 40. Mimi humwanzia 6.5, namshikilia hapo hadi afike miaka 29, kisha nampunguzia nusu kila mwaka, na bei ya ushindi naipandisha asilimia 4 kwa mwaka. Napata kama milioni 640, yaani Mets wamelipa zaidi kwa milioni 125. Lakini gawanya mahali pamoja: miaka mitano ya kwanza inatoa takriban milioni 277, dhidi ya mshahara wa wastani wa 255. Hiyo inajilipa. Kumi inayobaki inatoa kama 361 dhidi ya 510. Na kifungu chake cha kujitoa kinakuja hasa baada ya mwaka wa tano, ambapo Mets wanaweza kumzuia kwa kumwongezea milioni 4 kwa kila mwaka uliobaki, iwe 550. Akitaka kuondoka siku hiyo, kwa namba hizi, ningemwacha aende.