Kioo cha mbele cha basi: kuziba, kubadilisha, na kwa nini uanze na fremu

Kioo cha mbele kikipasuka tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, lawama huenda kwa barabara, kwa kokoto au kwa aliyeuza kioo. Mara nyingi tatizo liko kwenye fremu, na kioo kipya kikiwekwa juu ya fremu mbovu nacho kitapasuka. Nitaeleza kazi yote, ila kwenye fremu nitakaa zaidi, maana hapo ndipo mafundi wengi hupita mbio.

Hatua ya 1: Soma ufa kabla ya kushika kifaa

Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zilizoshikwa na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki. Fuata ufa hadi unapoanzia. Ukikuta kidonda kidogo chenye unga mweupe, na ukucha unakwama ukiupitisha juu yake, hiyo ni kazi ya kokoto. Ufa ukianzia ukingoni, chini ya mpira au gundi, na hakuna alama ya kugongwa, shuku fremu kwanza. Bandika kipande cha tepu kwenye bodi, mkabala na pale ufa ulipoanzia. Utakihitaji kioo kikishatoka.

Hatua ya 2: Amua kama kinazibika

Kidonda kinazibika kikiwa kidogo, tuseme kisichozidi milimita 25, kiko mbali na ukingo, na kimeumiza tabaka la nje tu. Kilicho mbele ya macho ya dereva usikizibe, hata kikiwa kidogo. Resini, yaani gundi ya majimaji ya kuzibia kidonda, huacha kivuli, na usiku taa za gari linalokuja zitakigonga kivuli hicho zimwangaze dereva. Hapo badilisha kioo.

Kidonda kikitokea safarini, dereva akifunike kwa tepu angavu mara moja ili maji na vumbi visiingie. Tena asimwagie maji baridi kioo kilichopigwa na jua, kwani ufa hukimbia papo hapo.

Hatua ya 3: Kuziba

Fanya kazi kivulini. Jua hukausha resini kabla haijafika mwisho wa nyufa. Ondoa vipande vilivyolegea kwa ncha ya sindano, kausha unyevu kwa joto la wastani, kisha funga kifaa cha kusukumia resini juu ya kidonda. Vuta hewa kwanza, ndipo usukume resini, na urudie mpaka mistari myeusi ya nyufa itoweke ukitazama kwa pembeni. Mstari ukibaki mweusi, ndani bado kuna hewa. Kausha kwa taa ya urujuanimno (UV), jaza shimo la juu, kausha tena, halafu kwangua ziada kwa wembe uliosimama wima. Mwambie mwenye basi mapema kwamba alama hafifu itabaki. Unachorudisha ni nguvu ya kioo.

Hatua ya 4: Kutoa kioo cha zamani

Kuna aina mbili za ufungaji: kioo kilichovishwa mpira, na kioo kilichogandishwa kwa gundi ya poliurethani. Kwa vyovyote vile, hesabu uzito kwanza. Kioo cha mita 1 ya mraba chenye unene wa milimita 1 kina kilo 2.5. Kioo cha mita 2.4 kwa 1.5, chenye milimita 6 za kioo, ni kilo 54. Hicho hakibebwi na mtu mmoja, na upepo ukivuma hata wawili ni wachache. Vaa glavu na miwani ya kinga, shika kwa vishikio vya kunyonya, na uvijaribu kabla ya kuviamini.

Toa waipa, funika dashibodi. Kwenye mpira, vuta utepe wa kufungia (ule unaokaza mpira), kunja midomo ya mpira kutoka ndani, kisha sukuma kuanzia pembe ya juu huku wenzako wakisubiri nje. Kwenye gundi, pitisha waya wa kukatia na uvutwe na watu wawili, mmoja ndani na mwingine nje. Waya ukae karibu na kioo, mbali na rangi ya bodi. Kila mkwaruzo unaofika kwenye chuma ni mwanzo wa kutu.

Hatua ya 5: Fremu

Sasa rudi kwenye tepu uliyobandika. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa fremu mkabala nayo. Utakachokuta ni kimojawapo kati ya vitu vichache: kichwa cha skrubu kilichoinuka, donge la weldi, gundi ya zamani iliyokauka ikawa mlima, au kutu iliyovimba chini ya rangi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inasukuma kioo kidogo kidogo hadi kinashindwa.

Kwangua kutu mpaka uone chuma kinachong'aa. Kilicholiwa mpaka kikatoboka kikatwe na kuchomelewa chuma kipya, kisha donge la weldi lisuguliwe libaki bapa. Paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa, hata kama mwenye basi amesimama mlangoni anataka gari. Basi lililowahi kugongwa mbele lipimwe ulalo kwa ulalo, pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imepinda. Mwisho, simamisha kioo kipya bila gundi wala mpira na uangalie mwanya pande zote. Kioo kikigusa chuma mahali popote, usiendelee.

Hatua ya 6a: Kufunga kwa mpira

Vika mpira kwenye kioo, kiungo kikae juu au chini, kisikae pembeni. Laza kamba imara ndani ya mfereji wa mpira utakaoshika bodi, ncha zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Mafuta na grisi huuvimbisha mpira, kwa hiyo viache kabisa. Kioo kikishakaa sawasawa kwenye fremu, aliye ndani avute ncha moja polepole, na aliye nje apige kwa kiganja pale kamba inapotokea. Mdomo wa mpira utaruka ukingo wenyewe. Ukikataa, simama, paka sabuni, sukuma kioo kidogo upande wa pili. Rudisha utepe wa kufungia mwishoni.

Hatua ya 6b: Kufunga kwa gundi

Gundi ya zamani usiimalize yote. Acha tabaka la milimita 1 hadi 2 lililo safi na lililoshika vizuri. Gundi mpya hushika hapo kuliko mahali pengine popote. Silikoni usiikaribishe, kwani poliurethani haishiki juu yake. Paka praima, yaani rangi ya awali ya kusaidia gundi kushika, kwenye mikwaruzo yote ya fremu na kwenye ukingo wa kioo kama mtengenezaji wa gundi anavyoelekeza, uipe muda wake.

Kata mdomo wa chupa kwa umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu iliyosimama, mfululizo, bila kukatika. Weka kabari za mpira chini, maana kioo cha basi husimama karibu wima na kitateleza. Kipandishe kabla gundi haijafanya ngozi, kibonyeze sawasawa, kisha kifunge kwa tepu.

Gundi hii hukomaa kwa unyevu wa hewani, hivyo hewa ikiwa kavu au baridi inachelewa. Soma muda kwenye chupa. Basi lisitoke kabla ya muda huo, na dirisha moja libaki wazi, kwa sababu mlango ukifungwa kwa nguvu hewa ya ndani husukuma kioo.

Hatua ya 7: Jaribu maji

Gundi ikishakomaa, mwaga maji kwa mpira wa bustani kuanzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Pembe za chini ndizo huvuja zaidi. Mwagize dereva asipeleke basi kwenye mashine ya kuoshea yenye shinikizo kwa siku chache za mwanzo.