Pima mapigo dakika moja baada ya kusimama

Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo nikiwa katikati ya mbio tu, kumbe namba yenye habari zaidi huja ukishaacha. Mara tu unapomaliza sehemu ngumu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Tembea taratibu; dakika 1 ikitimia, hesabu tena. Tafuta tofauti. Mazoezi huamsha neva za simpathetiki zinazoharakisha moyo. Ukisimama, neva ya vagasi hurudi kushika breki, na kushuka kwa dakika ile ya kwanza ni kazi yake hasa. Ukizidi kuwa fiti, mapigo hushuka haraka zaidi. Yakipungua kwa mapigo 12 tu au pungufu katika dakika hiyo, tena mara kwa mara, mwone daktari, usipuuze.

Linganisha zoezi lilelile kwa kasi ileile, la sivyo namba hazina maana. Joto kali, kiu na usingizi mbovu huzivuruga. Kwa anayetumia dawa za beta-bloka (zinazopunguza kasi ya moyo), au ambaye mapigo yake hayana mpangilio, kipimo hiki hakifai.