Mgeni akisema “check”: namna ya kumwelewa

Wahudumu wengi wa hoteli na mikahawa ya Unguja hujifunza kwanza kwamba “check” ni kukagua. Maana hiyo ipo, lakini mgeni aliyemaliza kula pweza wake Nungwi akasema “Check, please” hataki ukague chochote. Anataka bili. Huyo aghalabu ni Mmarekani, kwani Mwingereza angeomba “bill”. Hapo pana mtego mwingine: kwa Mmarekani “bill” ni noti pia. Akiuliza “Do you take old bills?”, anaulizia noti za zamani za dola.

Neno hili usilitafsiri likiwa peke yake. Sikiliza kinachofuata, maana kazi yote imo kwenye vineno vidogo. Mapokezi, “check in” ni kumwandikisha mgeni na kumpa ufunguo. “Check out” ni kulipa na kuondoka. “Check-out is at ten” maana yake chumba kiwe kitupu saa nne asubuhi, na ukimpasha habari mwenzako wa usafi mtajie saa nne, si saa kumi. “Check on the guest” ni kwenda kuona kama mgeni hajambo au ana haja ya kitu. “Check with the guest” ni kwenda kumuuliza. Meneja akikutuma hili la pili nawe ukachungulia tu ukarudi, kazi hujaifanya.

“Check out” ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. “We want to check out the doors” ni wageni wanaotaka kutazama milango ya Mji Mkongwe, hawahami. Kikitajwa kitu baada yake, ni kutazama. Ikifuata “of”, kama “check out of the hotel”, ni kuondoka. Akitajwa mtu, “He was checking her out”, ni kumkodolea macho kwa kumtamani. Kwa hiyo mtembeza wageni asimwambie mgeni wa kike “I will check you out later” akikusudia kumpitia baadaye. Hilo ni tusi bila ya kujua. Aseme “I will check on you later”.

Kwenye uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, “checked bag” si begi lililokwisha kukaguliwa. Ni lile linalokabidhiwa kaunta likasafiri chini ya ndege. Mgeni aliyenunua chupa kubwa ya mafuta ya karafuu mwambie “Put it in your checked bag”, kwa sababu viwanja vingi haviruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi.

Ukimkaribisha mgeni safari ya jahazi ya jioni akajibu “Can I take a rain check?”, haulizii mvua, hata kama ni Aprili na masika yamepamba moto. Amekataa kwa adabu, akibakisha nafasi ya siku nyingine. Msemo huu umetoka kwenye besiboli ya Marekani, ambako mvua ikivunja mchezo watazamaji walipewa tiketi ya kurudi. Jibu zuri ni “Of course, which day suits you?”

Mengine ni mepesi. “Check the box” kwenye fomu ni kutia alama ya vema. Mwingereza husema “tick”. “Checked shirt” ni shati la drafti. “Check” ya benki ni hundi, na Uingereza huandikwa “cheque”. “Keep prices in check” ni kuzuia bei zisipande, maana iliyo karibu na shina lenyewe: neno limetokana na shah, mfalme wa Kiajemi kwenye sataranji, likapitia Kifaransa cha kale. Mfalme akitishwa, mchezaji huzuilika na mengine yote mpaka amwokoe.

Ukibaki na shaka, usijibu “Check what?”, kwani husikika kama ukali. Mezani uliza “Would you like to pay now?”, na mapokezi “Are you leaving us today?”