Maktaba ya programu: iingie ndani ya faili au ibaki nje?

Unapojenga programu ya C kwenye Linux, kila maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yako hutumia) yaweza kuingizwa ndani ya faili la programu au kubaki nje kama faili la pekee. Usiamue kwa programu nzima. Amua maktaba moja moja. Anza kwa `readelf -d ./programu`: kila mstari wenye NEEDED ni maktaba ambayo lazima iwepo kwenye mashine ya mtumiaji. Amri ya `ldd` huonyesha pia zinakopatikana, ila usiitumie kwa faili usiloliamini, maana yaweza kuliendesha.

Maktaba ndogo isiyobadilika sana, iingize ndani. Mfano, libpng (ya picha za PNG), ambayo nayo hutegemea libz:

`gcc main.o -o programu -l:libpng.a -l:libz.a -lm`

Mpangilio huo si mapambo. Linka (programu inayounganisha vipande kuwa faili moja) husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na faili la `.a` (maktaba ya kuingizwa ndani) halibebi tegemezi zake. Ukitanguliza libz kabla ya libpng, au ukiisahau, utapata "undefined reference" kwa majina ambayo hata hukuyaandika wewe.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iache nje. Mwaka 2014, hitilafu yake ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuliwa, waliokuwa wameiunganisha kutoka nje walisasisha maktaba moja na kuwasha huduma upya (bila kuziwasha upya, nakala mbovu hubaki kwenye kumbukumbu). Walioiingiza ndani ilibidi wajenge upya kila programu.

Glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, nayo usiiingize. Ukilazimisha `-static` (kila kitu ndani) na programu inatumia `getaddrinfo`, linka itakuonya: kutafuta majina ya mashine bado kutahitaji maktaba za nje, tena za toleo lile lile la glibc ulilojengea. Programu itawaka vizuri kwako, halafu ishindwe kupata seva kwingine. Ukitaka faili moja lisilotegemea chochote, tumia `musl-gcc -static` (musl ni maktaba nyingine ya C, mbadala wa glibc), na maktaba nyingine zote ziwe zimejengwa kwa musl.

Tatizo la glibc ya nje ni ujumbe "GLIBC_2.34 not found": umejenga kwenye mfumo mpya kuliko wa mtumiaji. Dawa ni kujenga kwenye mfumo wa zamani kabisa unaokusudia kuuhudumia. Kunakili `libc.so.6` (faili la glibc) juu ya ile ya mfumo kunaweza kuangusha mashine nzima, hadi `ls` ikatae.

Maktaba za nje unazosafirisha mwenyewe ziweke kwenye folda `lib` kando ya programu, kisha ongeza `-Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib'` ili izitafute humo (`$ORIGIN` ni folda ilimo programu). Alama za nukuu ni za lazima, la sivyo sheli itaimeza `$ORIGIN`.

Maktaba ikiwa na leseni ya LGPL (leseni huria inayomruhusu mtumiaji kubadilisha maktaba) na umeiingiza ndani, mpe mtumiaji pia mafaili ya `.o` ili aweze kuunganisha upya na toleo lake.