Ukienda kukesha na karagosi wa Java, sikiliza neno "kula"

Mara ya kwanza nilipokwenda kuangalia wayang, mchezo wa vivuli vya karagosi, kijijini nje ya Yogyakarta, Indonesia, nilikaa upande wa vivuli kama kwenye picha za watalii. Saa tano usingizi ukanibeba. Nilizinduka vita vinaishia, na yenye utamu yote yamenipita.

Kwa hiyo lala mchana, maana ngoma huanza kama saa tatu usiku na huisha alfajiri. Kaa upande wa dalang, yule mchezeshaji. Utamwona kakunja miguu mbele ya pazia jeupe, taa juu ya kichwa, karagosi wa ngozi ya nyati wamechomekwa kwenye mgomba uliolazwa, huku mguu wake ukigonga vibati.

Kisa ni cha Mahabharata mara nyingi, utenzi wa kale wa Kihindi, muhtasari unakutosha. Kinachotaka maandalizi ni lugha. Kijava kina krama, ya kumnyenyekea mkubwa, na ngoko, ya rika na wadogo. Shika maneno mawili tu. "Kula" si chakula, ni "mimi" ya anayejishusha. "Aku" ni "mimi" ya asiyejishusha. Basi angalia nani anamwambia nani lipi.

Siasa imelala hapo. Enzi za Mholanzi, Mjava alisema krama mbele ya ofisa, akajibiwa kwa ngoko au Kimalayu. Ni kama kumwamkia mtu shikamoo maisha yako yote, naye hata siku moja asiitikie marahaba. Sasa pazieni anatokea Bima, shujaa wa Mahabharata, pande la mtu, ukucha wa gumba kama jambia, anasema ngoko na wafalme, ngoko na miungu. Mwaka 1917, mjini Surabaya, vuguvugu la Djawa Dipa lilitaka krama itupwe, wote waongee ngoko. Katika mji huohuo kijana Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, aliandika kwenye gazeti la Oetoesan Hindia kwa jina la kujificha: Bima. Mjava hakuhitaji kufafanuliwa.

Kahawa uiweke kwa ajili ya usiku wa manane, kwenye goro-goro. Hapo hutoka watumishi, Semar na wanawe Gareng, Petruk na Bagong, na dalang huacha kisa akasema ya leo: bei, barabara, hata mwenye shughuli aliyemwalika. Zamani hizo mwenye shughuli aliweza kuwa bupati, mtawala wa Kijava anayekula mshahara wa Waholanzi. Sisi mtu wa namna hiyo tunamwita karagosi. Bagong akimrushia dongo, atakamatwa nani, ngozi ya nyati?

Usipoelewa, cheka bibi wakicheka, kisha uliza. Safari ya pili nilikaa na muuza karanga mmoja. Watu walivunjika mbavu, nikamuuliza Bagong kasema nini.

"Hajasema kitu," akanijibu, huku akifuta machozi. "Mfalme kamwita, naye kaitika kwa aku."