Jinsi ya Kufikisha Redio ya Upepo Chini ya Duara

Mchimbaji anayeshuka na redio ya upepo, ile ya mkononi ya kubonyeza na kuzungumza, hupoteza mawasiliano mapema kuliko anavyotarajia. Akiwa bado anaiona mbingu kupitia mdomo wa duara, yaani shimo la mgodi, sauti huja safi. Akikata kona ya kwanza, inakwaruza. Akikata ya pili, redio yake haina faida kuliko jiwe. Wenye migodi wengi hudhani dawa ni kununua redio yenye nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba kutoka wati 5 hadi wati 10 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli hupima kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi), ilhali kona moja ya mwamba yaweza kumeza desibeli 20 au zaidi. Mwongozo huu unahusu njia ambayo migodi ya chini ya ardhi imeitumia kwa miongo mingi na ambayo mgodi mdogo wenye urefu wa mita mia kadhaa unaimudu, nayo ni kuteremsha kebo inayovuja mawimbi.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachozuia. Mawimbi ya redio za kawaida za VHF, yaani karibu na megahezi 150, huishia ndani ya mita chache za mwamba wenye unyevu, kwa hiyo hakuna haja ya kupoteza muda kujaribu kuupenya moja kwa moja. Njia pekee iliyobaki ni kusafiri ndani ya handaki lenyewe, na hapo upana wa handaki ndio unaoamua. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, na handaki lenye upana unaokaribia nusu ya urefu huo hulibana wimbi hilo mpaka life. Wimbi la UHF la megahezi 450 lina urefu wa sentimita 67, hivyo hupita vizuri zaidi katika njia nyembamba, ila hupenda kwenda moja kwa moja na huchukia kona. Kama mgodi wako ni njia moja iliyonyooka, jaribu kwanza redio mbili za UHF, moja ikiwa mdomoni na nyingine mwishoni, kabla ya kutumia fedha zozote. Maduara ya aina hiyo ni machache. Mengi hufuata mshipa wa madini, na mshipa haujali rula.

Kebo inayovuja inafanana na kebo ya antena ya televisheni, isipokuwa wavu wake wa nje wa shaba umeachwa na matundu au nafasi kwa makusudi. Mawimbi husafiri ndani yake kama maji kwenye bomba la kumwagilia lililotobolewa: kidogo kidogo hutoka njiani, na kidogo kidogo sauti ya redio iliyo karibu huingia. Mchimbaji aliye ndani ya mita chache kutoka kwenye kebo anazungumza na kebo, naye hahitaji kuonana na mtu wa juu kwa mstari wowote.

Anza kwa kupima. Chora mgodi kwenye karatasi, uandike urefu wa kila njia, kila kona, kila tawi, na mahali ambapo watu wanafanya kazi kwa kweli, kwa kuwa si kila tawi linahitaji kebo. Kisha omba kibali cha masafa. Kwa Tanzania mamlaka inayohusika ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kibali hicho hakikwepeki hata kama mawimbi yako yanaishia ardhini, kwa sababu kifaa cha juu kitasikika pia nje ya mgodi.

Baada ya hapo chagua kifaa cha kuweka mdomoni, na hapa ndipo nilipokosea katika kazi yangu ya kwanza. Niliunganisha kebo moja kwa moja na redio ya mezani ndani ya kibanda cha winchi, nikashusha vijana wawili, mmoja mita 120 na mwingine mita 200. Mimi juu niliwasikia wote wawili kama tumeketi meza moja, lakini wao kwa wao hawakusikiana hata neno. Nilikagua viungio vyote kwa nusu siku nikitafuta ubovu ambao haukuwapo. Sababu ilikuwa hesabu tu: kutoka redio ya mkononi hadi ndani ya kebo, kwa umbali wa mita 2, hupotea takriban desibeli 75, na mwili wa mtu anayeibeba kiunoni humeza nyingine 10 hadi 15. Anayezungumza na juu hulipa gharama hiyo mara moja. Anayezungumza na mwenzake wa chini huilipa mara mbili, na hakibaki kitu. Suluhisho ni ripita, ambayo hupokea kwa masafa moja na kurusha upya kwa masafa mengine kwa nguvu kamili, hivyo kila mtu anakuwa kama anazungumza na juu. Kama bajeti hairuhusu ripita, redio ya mezani inatosha kwa sharti moja: lazima awepo mtu kibandani muda wote wa kurudia ujumbe wa huyu kwa yule, na mtu huyo asiwe ndiye yule yule anayeendesha winchi.

Hesabu ya urefu ni rahisi kuliko inavyoonekana. Wati 5 ni sawa na 37 dBm, yaani desibeli 37 juu ya miliwati moja. Toa 75 za kuingia kwenye kebo, toa 15 za mwili, toa 20 za akiba kwa ajili ya siku mbaya. Unabaki na 73 chini ya sifuri. Redio nzuri bado inasikia hadi karibu 116 chini ya sifuri, kwa hiyo una desibeli 43 za kutumia njiani. Kebo nyingi za aina hii hupoteza desibeli 4 hadi 5 kila mita 100 kwa masafa ya VHF, jambo linalokupa zaidi ya mita 850 kwenye karatasi. Tumia takwimu zilizoandikwa na mtengenezaji wa kebo yako badala ya hizi zangu, halafu uamini nusu ya jibu. Mgodi mkubwa huweka amplifaya kila mita 350 hadi 500, ukituma umeme wa kuziendesha ndani ya kebo ile ile. Mgodi wa mita 400 hauna haja nazo, na kila kifaa usichokiweka chini ni kifaa ambacho hakitakufa chini.

Utundikaji ndio kazi yenyewe. Kebo ipite juu, kwenye pembe ya dari na ukuta, upande ambao mikokoteni na mabomba ya hewa hayapiti. Isilale juu ya mwamba. Iachanishwe nao kwa sentimita 10 hivi kwa kutumia vishikizo vya plastiki, kwa sababu mwamba mbichi unaoigusa hunywa mawimbi yake. Iachane na nyaya za umeme kwa angalau sentimita 30, na mahali inapolazimika kuzivuka, izivuke kwa pembe mraba. Usiifunge kwenye matimba, yaani magogo yanayoshikilia dari, kwa waya wa chuma uliokazwa, maana chuma kinachozungushiwa kebo huziba uvujaji, na mkazo ule unabonyeza ngozi yake mpaka maji yakapata njia.

Maji ndiyo adui mkubwa. Kila kiungio kipakwe grisi ya silikoni, kifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha juu yake utepe wa kawaida, na kabla na baada ya kiungio kebo iachwe ining'inie kidogo kama kikombe ili tone la maji lidondokee kwenye mkunjo badala ya kukifuata kiungio. Kiungio kilicholowa hakifi ghafla. Kinadhoofika wiki kwa wiki, watu wanazoea kupiga kelele kwenye redio, na siku kinapokufa kila mtu anasema redio hizi zilikuwa mbovu tangu zamani.

Mwisho wa kebo usiachwe wazi. Mawimbi yakifika kwenye ncha iliyokatwa hurudi nyuma na kupambana na yanayokuja, nawe utapata mahali ambapo redio inasikika na hatua moja mbele haisikiki. Weka kizuizi cha umeme (rezista) cha ohm 50, au ohm 75 ikiwa kebo yako ni ya aina hiyo, au antena ndogo ambayo itafanya kazi hiyo na wakati huo huo kuangaza mita za mwisho kuelekea usoni mwa mwamba. Kipande hicho cha mwisho kiwe cha kuchomoa kwa mkono, na sababu yake ni baruti.

Jambo la baruti halina mjadala. Fataki za umeme, yaani viwashio vya baruti, zinaweza kulipuliwa na nishati ya redio iliyo karibu, kwa kuwa nyaya zake zilizotandazwa hufanya kazi kama antena. Fuata umbali wa usalama uliotolewa na mtengenezaji wa fataki kulingana na nguvu ya redio yako. Utaratibu wangu ni kwamba kabla ya sanduku la fataki kufunguliwa, kipande cha mwisho cha kebo kinachomolewa na kubebwa nje, ripita inazimwa, na redio za wanaotega baruti zinabaki kwenye kituo cha mwisho zikiwa zimetolewa betri. Hata wanaotumia fataki za utambi wanafuata utaratibu huo huo, ili siku aina ya fataki ikibadilika, mazoea yasibadilike. Radi nayo ihesabiwe hapo hapo: kebo ndefu inayotoka juu kwenda chini ni njia tayari ya kuishusha radi mgodini, kwa hiyo pale mdomoni weka kizuia radi kilichounganishwa na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na wakati wa ngurumo kazi ya kutega isimame.

Kisha tembea. Mtu mmoja akae juu na daftari, mwingine ashuke na redio ikiwa kiunoni, si mkononi, akisimama kila mita 20, akitaja namba ya kituo na kusubiri jibu. "Kituo cha saba, unanipata?" "Nakupata, saba." Kituo kisichojibiwa kitiwe alama ya rangi ukutani, na urudi hapo kuangalia kebo iligusa nini. Rudia matembezi hayo baada ya kila mlipuko mkubwa, na daima ukiwa na daftari lile lile, kwa sababu kituo kilichojibu kwa nguvu mwezi uliopita na leo kinakwaruza kinakuonyesha kiungio kinachoingia maji kabla hakijakata.

Lipo swali la siku ambayo kebo itakatika, na hakuna kebo inayostahimili dari linaloanguka. Mwezi Januari 2006, katika mgodi wa makaa wa Sago huko West Virginia, Marekani, wachimbaji 13 walinaswa baada ya mlipuko bila njia ya kuzungumza na nje, na mmoja tu akapona. Mwaka huo huo sheria ya nchi hiyo ikaamuru migodi ya makaa ya chini iweke mawasiliano ya pande mbili yasiyo ya waya ndani ya miaka 3. Kwetu, Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, ambazo kwa sehemu kubwa watu wa juu hawakujua kama kuna aliye hai.

Vifaa vinavyopenya mwamba wenyewe vipo, na siri yake ni masafa ya chini sana. Ukitaka kukadiria kina ambacho ukubwa wa wimbi hilo hubaki kidogo zaidi ya theluthi, chukua ukinzani wa mwamba katika ohm-mita, ugawanye kwa masafa katika hezi, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha uzidishe kwa 503. Kwa mwamba wa ohm-mita 100 na kilohezi 87 unapata mita 17. Kwa mwamba mkavu wa ohm-mita 1,000 unapata mita 54. Kilohezi 87 ndiyo masafa ya HeyPhone, redio ya waokoaji wa mapangoni wa Uingereza iliyopelekwa kwenye pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, na badala ya antena hutumia vigingi viwili vya chuma vilivyopigwa ardhini kwa kuachana na kuunganishwa kwa waya. Ni vifaa vya vikosi vya uokoaji, na mgodi mdogo hautakuwa navyo.

Utakachoweza kuwa nacho ni simu ya waya ya kuzungusha kwa mkono, ambayo mita 300 za waya wa nyuzi mbili zinaitosha. Waya wake upitishwe ukuta ulio mkabala na kebo, au kwenye duara la pili la kutokea kama lipo, ili kifusi kimoja kisikate vyote viwili. Iweke pale wachimbaji wanapokimbilia, ndani ya sanduku lenye kifuniko, na kila asubuhi wa kwanza kushuka aizungushe mpaka wa juu aitike.