Skwoshi kwenye joto la Mombasa: piga ndefu kwanza, nguvu baadaye

Vijana wengi wanaocheza skwoshi hapa Mombasa wana mbio na wana mkono mzito, na bado wafungwa kila Jumamosi na mzee ambaye yuatembea tembea tu pale kati ya kiwanja. Siri ya yule mzee haiko kwenye raketi. Yeye apiga mpira mrefu, umelala na ukuta wa pembeni, halafu arudi zake kati kabla wewe hujaufikia. Wewe wapiga kwa nguvu zako zote halafu wasimama kuuangalia unavyokwenda. Kama kuna kitu kimoja nataka mtu achukue hapa basi ni hiki, jifunze kupiga ndefu na kurudi kati, hayo mengine yatakuja yenyewe.

Na hapa kwetu hili lina uzito zaidi manake kuna suala la joto. Mpira wa skwoshi ni raba yenye hewa ndani, ukipoa haudundi, ukipata moto wadunda. Hata ule wa doti mbili za njano, ambao ndo wenye kudunda kidogo zaidi, kwenye nchi za baridi watu huupiga dakika kadhaa ndo uamke, lakini Mombasa mwezi wa Februari au Machi ukipiga kidogo tu ushakuwa hai. Sasa mtu kaangalia video za Wamisri kwenye simu, kaona Ali Farag, bingwa wao, aweka dropu, ule mpira wa pole wa kudondoshwa karibu na ukuta wa mbele, inafia pembeni, naye ataka afanye hivo hivo, anaweka dropu na mpira unanyanyuka pale mbele unamngoja mwenzake aje kuupiga atakavyo. Dropu hapa haikulipi mpaka umemsukuma mtu nyuma kabisa kwenye kona, na utamsukuma kwa mpira mrefu.

Ndefu maana yake nini. Mpira ugonge ukuta wa mbele juu ya mstari wa sevu (sevu ni lile pigo la kuanzisha mchezo), ule ulioko mita 1.78 kutoka chini, udunde mara ya kwanza nyuma ya kisanduku cha sevu, kile cha mraba kilichochorwa sakafuni, na mdundo wa pili uwe karibu na ukuta wa nyuma. Wengi wetu twapiga chini mno, tukilenga juu kidogo tu ya bati, ile sehemu ya chini ya ukuta wa mbele ambayo ukiigonga umepoteza, sababu yasikika kama kombora, lakini mpira wa hivo waishia katikati ya kiwanja na mwenzako hahitaji hata kutoka alipo. Inua shabaha. Ukiona sasa wapiga juu na mpira wagonga ukuta wa nyuma na kutoka sana, usirudi kupiga chini, punguza nguvu kwanza, joto litafanya kazi iliyobaki.

Zoezi lake ni la peke yako. Ingia kiwanjani kabla wenzako hawajafika, weka taulo dogo chini nyuma ya kisanduku cha sevu, karibu na ukuta wa pembeni, halafu piga mpira mmoja mmoja moja kwa moja ukilenga lile taulo. Usipige haraka. Angalia miguu yako kwanza: watu hukaa karibu mno na mpira, kiwiko kinabana mbavu, mkono hauna nafasi ya kupita. Acha mpira uwe mbali nawe kiasi cha mkono na raketi bila kujinyoosha, uzito wako uende kwenye mguu wa mbele, na uupige ukiwa sawa na mguu huo. Raketi iwe ishanyanyuliwa kabla mpira haujadunda, si baada. Na shika raketi kama wampa mtu mkono, ile V ya kidole gumba na cha shahada ikae juu ya mpini, uso wa raketi ufunguke kidogo ili mpira unyanyuke. Gripu, yaani mshiko, hiyo hiyo kwa fohendi, upande wa mkono wako wa raketi, na bekihendi, upande wa pili, hakuna kubadilisha, nafasi ya kubadilisha huna.

Bekihendi ipe muda mara mbili. Kila mtu anaikimbia na kila mpinzani ajua hilo.

Halafu kati, ile T, pale mistari ya sakafuni inapokutana, kwenye mstari ulioko mita 5.44 kutoka ukuta wa mbele. Ukishapiga, rudi, na simama hatua moja nyuma ya makutano ya mistari. Lakini kurudi peke yake hakutoshi, wengi hurudi wakakodolea ukuta wa mbele. Geuza kichwa umtazame mwenzako aliyeko nyuma, bega lake na raketi yake vinakwambia mpira waenda wapi kabla haujaenda, na pale anapogonga ruka kidogo tu kwenye vidole vya miguu upate kuondoka upande wowote. Ukilifanya hili tu, bila kubadilisha kitu kingine, utaanza kufikia mipira uliyokuwa waitazama ikipita.

Jahangir Khan, bingwa wa skwoshi wa Pakistan, alikaa bila kufungwa toka 1981 mpaka Novemba 1986, Ross Norman wa New Zealand ndo akamkatiza kule Toulouse, Ufaransa. Mchezo wake ulikuwa huu huu, pumzi na mpira mrefu, tena na tena, mpaka mwenzake miguu ikaisha. Hakuna ujanja hapo ambao mtu wa Tudor au Kizingo hapa Mombasa hawezi kuufanyia mazoezi.

Kuhusu mazoea, acha kucheza gemu kila siku. Tenga siku moja ya drili tupu, yaani kurudia pigo moja moja, na ukicheza na mtu unayemzidi jiwekee sharti, leo ni ndefu za moja kwa moja tu, hakuna dropu hakuna boasti (mpira wa kugonga kwanza ukuta wa pembeni), uone kama bado utashinda. Sevu nayo isiwe ya kuanzisha mchezo tu, tupa lobu, mpira wa pole wa kupaa juu, igonge ukuta wa pembeni karibu na mstari wa juu na ishuke kwenye kona, mtu akipokea hiyo na jasho machoni atakurudishia mpira wa kitoto.

Jasho lenyewe lipangie. Beba shati la pili, taulo la mkono, na gripu mpya ya kuvisha mpini kwenye mkoba, gripu iliyoloa huzungusha raketi mkononi na hapo fohendi yote yaharibika. Maji kunywa kidogo kidogo toka mchana, si kuyabugia katikati ya gemu, na dafu baada ya mchezo ni zuri sana. Ramadhani wengi husogeza mchezo baada ya tarawehe, na ni vizuri. Msimu wa masika kuta na sakafu huweza kutoa unyevu, mpira wateleza badala ya kudunda na kiatu nacho chateleza, siku hiyo usicheze kabisa, goti halina spea.

Na vaa miwani ya kukinga macho. Mpira huu una upana wa milimita 40 hivi, unaingia kwenye tundu la jicho bila kuzuiwa na mfupa, na wewe nimekwambia ugeuke kutazama nyuma. Miwani ya kusomea haihesabiki, kioo chake chaweza kupasukia jichoni. Nunua ile ya michezo yenye kioo cha plastiki kigumu.